Mpira wa matambara, gari la waya na tiara: namna ya kuvitengeneza visife siku ya kwanza

Waliosoma shule za msingi za Tanzania miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka sana kucheza. Walichosahau ni kutengeneza. Mtu mzima anakaa na mwanawe kufunga mpira, na mpira unafumuka kabla timu hazijapangwa. Anarusha tiara, yaani kishada, inapiga mizunguko miwili na kuchoma pua chini. Si kwamba vidole vimezeeka. Kila kimoja kati ya vitu hivi kina mahali pake pa kufia, na mtoto wa miaka tisa wa wakati ule alipajua kwa sababu alishaharibikiwa mara kumi. Hapa chini tutakaa zaidi kwenye mahali hapo, maana yaliyobaki mikono hujikumbusha yenyewe.

Vifaa vinavyohitajika ni kisu kikali au wembe, plaizi, misumari miwili mitatu, rula na mkaa wa kuchorea alama. Wembe na msumari wa moto vishikwe na mkubwa.

Mpira wa matambara

Kosa la kwanza ni ukubwa. Mpira rasmi wa miguu, ule namba 5, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Wa chandimu, yaani soka la mtaani, usijaribu kuufikisha huko. Ukijaza matambara matupu mpaka mzingo wa sentimita 70 umetengeneza jiwe, na wachezaji wenyewe wako pekupeku. Mzingo wa sentimita 45 hadi 50 unatosha, na ukiweza kuubakiza chini ya gramu 300 ndio mpira wenyewe.

Uzito unaamuliwa na kiini. Zamani kiini kilikuwa mifuko ya rambo iliyofinyangwa, na ndiyo maana Wakenya waliuita mpira huu juala, yaani jina la mfuko wenyewe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kuipata. Badala yake tumia kipande cha godoro la sponji. Kwa kweli sponji ni bora kuliko rambo: ni nyepesi na inarudisha mdundo. Ikate iwe tufe la ukubwa wa chungwa kubwa, sentimita 9 au 10 hivi kwa upana, kisha ibane kwa mikono uone kama inarudi. Sponji iliyochoka, inayobaki na alama za vidole, haifai. Puto lililojazwa nusu linadunda kuliko vyote, ila mwiba mmoja tu na mchezo umekwisha.

Juu ya kiini zungusha matambara. Fulana mbili kuukuu zinatosha. Chana vipande virefu vya upana wa sentimita 4 au 5. Fulana ni nguo inayovutika, na hilo ndilo tunalolitaka: unaivuta wakati wa kuzungusha, nayo inajibana. Kipande cha kanga au shuka hakivutiki, hulegea baada ya mateke ishirini. Zungusha kama anayekunja uzi kuwa donge, ukibadili upande kila mzunguko. Ukizungusha upande mmoja mara tano mfululizo unapata yai, na yai halinyooki njia. Mzingo ukifika sentimita 44 hivi, simama. Vika soksi kuukuu, kaza mdomo wake, pindua, vika tena safu ya pili. Soksi haiongezi nguvu, kazi yake ni kuweka uso sawa ili kamba ikae.

Sasa kamba. Katani nyembamba au nyuzi za kiroba zilizosokotwa mbilimbili, mita 15. Funga ikiwa kavu. Wako wanaoloweka katani ili ilainike, na hapo wanajitafutia hasara: katani ikilowa hunenepa na kufupika, ikikauka inarudi na kulegea. Ukiifunga kavu, umande wa asubuhi unaikaza badala ya kuilegeza.

Kufunga ni kazi ya watu wawili, mmoja anashika na kugeuza, mwingine anavuta. Anza na mizunguko 8 ya wima, kama mistari ya tikiti maji, yote ikipita karibu na ncha mbili za mpira. Mizunguko 8 inakupa mistari 16, na kwenye mzingo wa sentimita 47 mistari hiyo inaachana kwa sentimita 3 hivi pale kiunoni. Kisha fanya mizunguko ya ulalo: mmoja kiunoni, miwili juu, miwili chini. Kila unapokutana na mstari wa wima, izungushe kamba mara moja kwenye mstari huo kabla ya kuendelea. Usipite juu tu. Wavu ambao kamba zake zimepitana bila kushikana unateleza pembeni, na dirisha likishapanuka kupita vidole viwili tambara linachungulia. Likichungulia, limetoka.

Mahali pa kufia mpira huu ni zile ncha mbili. Mistari yote 16 ikikutana katika tundu moja inajenga nundu, na nundu ndiyo inayosugua changarawe kwanza. Kamba inakatika hapo, na kwa kuwa ni kamba moja, wavu wote unafumuka. Dawa yake ni ndogo: kila mzunguko wa wima uupitishe upana wa kidole pembeni ya uliotangulia, ili kwenye ncha pabaki duara dogo badala ya fundo. Na kila baada ya mita 3 au 4 za kamba piga fundo halisi, ili pakikatika mahali pamoja pengine pashike.

Kuna waliokuwa wakimalizia mpira wa plastiki kwa kuupitisha juu ya moto ugande. Acheni hilo. Plastiki inayoyeyuka hudondoka na kunata kwenye ngozi, na moshi wake ni sumu.

Kwa rede, mchezo wa kukwepa mpira, hali ni nyingine. Mpira wa rede unampiga mtu mgongoni, kwa hiyo hauhitaji kamba wala kukazwa: soksi moja iliyojazwa matambara laini, upana wa sentimita 8 hadi 10, mdomo umeshonwa. Usiufunge fundo, maana fundo ndilo linaloumiza.

Gari la waya

Hapa ndipo kwenye ufundi hasa, na ndipo penye kuhitaji subira. Vipimo vinavyofuata ni vya lori dogo la urefu wa sentimita 30.

Waya mnene, wa milimita 2.5 hadi 3, unahitaji mita 6. Kando yake uwe na mita 5 za bainding waya, ule mwembamba wa kufungia nondo. Waya wa henga ya nguo ni mwembamba kidogo lakini unafaa kwa bodi, ila kwa usukani hapana. Pima ugumu kwa mkono: waya ukipindika kwa dole gumba peke yake, gari litalala chini kama mlenda, ukihitaji goti ili uupinde, mtoto hatauweza. Waya wa shaba kutoka nyaya za umeme zilizotupwa ni laini mno kwa chesi, yaani fremu ya chini ya gari, lakini ni mzuri kwa mapambo.

Kwanza unyooshe. Funga ncha moja kwenye mti, nyingine kwenye kijiti, vuta kwa uzito wa mwili, kisha uupitishe waya mara tatu nne kwenye nguzo laini kama anayepiga msumeno. Usikimbilie kukunja waya uliojikunyata, kwa sababu kila kosa la unyoofu litakuja kuonekana kwenye magurudumu.

Ukikosa plaizi ya kukatia, kunja na kukunjua mahali pamoja haraka haraka. Waya unapata joto, unachoka, unakatika. Kumbuka jambo hilo unapokosea kona: ukiirekebisha mara mbili umeshauchosha waya pale pale. Heri ukate kipande kipya.

Chesi. Kata sentimita 95. Weka alama za mkaa kwenye 30, 44, 74 na 88, kunja kwenye alama hizo kwa kutumia ukingo wa tofali, upate mstatili wa 30 kwa 14. Sentimita 7 zinazobaki zinalala juu ya upande mrefu wa mwanzo, na hapo ndipo pa kufungia, mizunguko 7 au 8 ya bainding waya iliyobanwa kwa plaizi. Muungano usiuweke konani: kona ndiyo inayogonga mawe. Ongeza vipande viwili vya kukatiza, kila kimoja sentimita 18, yaani 14 za upana na 2 kila upande za kuviringisha. Kimoja kiwe sentimita 10 kutoka mbele, ndipo kichwa cha lori kitakapoishia, kingine sentimita 8 kutoka nyuma. Kisha ilaze chesi juu ya meza tambarare. Ikiwa kona moja inaelea, inyooshe sasa hivi, si baadaye.

Kichwa cha lori kina urefu wa sentimita 10, upana 14, kimo 12. Nguzo nne, kila moja sentimita 15, sentimita 3 kati ya hizo zikienda kwenye kuviringisha. Paa ni mstatili wa 10 kwa 14. Tenga la nyuma ni lako mwenyewe, wengine huweka la wazi la kubebea mchanga, wengine mabomba ya basi. Jambo moja tu: usilipandishe juu kupita kichwa, lori litapinduka kwenye kona.

Magurudumu. Kandambili kuukuu ndiyo bora, na zote nne zitoke kwenye unene mmoja. Kisigino kimeliwa, kwa hiyo kata sehemu ya mbele ya soli. Chora duara la upana wa sentimita 6 kwa kifuniko cha kopo, kata kwa kisu chenye ncha ukikilowesha kwenye maji ya sabuni. Mpira mkavu humng'ang'ania mkataji. Kisha sugua kingo kwenye sakafu ya saruji ukilizungusha mpaka liwe duara. Kupata kati, kata karatasi ya duara lile lile, ikunje mara nne, toboa ncha ya kunjo, ilaze juu ya gurudumu. Tundu likiwa pembeni hata kwa milimita 3 gari linachechemea.

Toboa kwa msumari uliopashwa moto, mwembamba kuliko unavyodhani, maana tundu hupanuka. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulikosa: kata kipande cha mrija wa wino wa kalamu, urefu sawa na unene wa gurudumu, ukisukume tunduni. Gurudumu la kandambili likizunguka moja kwa moja juu ya waya linaukamata, na badala ya kubingirika linaburuzwa. Mrija unaondoa tatizo hilo, mradi waya wako uingie humo na kucheza. Waya ukiwa mnene kuliko tundu la mrija, tumia kimrija cha kalamu ya mtindo mwingine, au tengeneza ekseli, ule waya unaobeba magurudumu, kwa waya wa henga.

Ekseli ya nyuma ni sentimita 24. Hesabu yake ni hii: 14 za chesi, 3 kila upande za gurudumu na nafasi zake, 2 kila upande za kukunja ncha zisichomoke. Inapita kwenye vitanzi viwili vinavyoning'inia sentimita 3 chini ya chesi. Kila upande wa gurudumu weka kizibo cha soda kilichopondwa na kutobolewa, gurudumu lisigonge chesi.

Ekseli ya mbele na usukani. Ukiharibu hapa huna gari, una mzigo.

Ekseli ya mbele haishikwi kwenye kona. Inashikwa katikati tu, ili igeuke. Tengeneza shingo: viringisha waya mara 4 au 5 kwenye msumari wa inchi 4, uchomoe msumari, upate kimrija cha springi. Kifunge katikati ya waya wa mbele wa chesi, kikielekea nyuma na juu kwa mwinamo. Tengeneza cha pili, ukifunge katikati ya waya wa nyuma wa paa. Mstari kutoka shingo ya kwanza hadi ya pili unapanda sentimita 12 kwa kila 10 za kurudi nyuma, na huo ndio mwinamo unaotakiwa. Fimbo ya usukani ikilala kuliko hapo, ukikata kona gurudumu moja linanyanyuka badala ya kugeuka.

Urefu wa fimbo unatoka kwa dereva. Pima kutoka ardhini hadi kitovuni, ongeza theluthi moja. Mtoto ambaye kitovu chake kiko sentimita 75 anahitaji mita moja. Fimbo fupi inamwinamisha mgongo, na fimbo ndefu mno inayumba na kuchelewesha kona.

Pitisha fimbo kwenye shingo zote mbili. Inapotokeza chini, ikunje ilale juu ya ekseli ya mbele kwa sentimita 5, upande mmoja. Upande wa pili weka waya wa msaada wa sentimita 12: nusu yake ilale kwenye ekseli, nusu ipande na kufungwa kwenye fimbo, chini ya shingo. Ifunge mahali panne, mizunguko 8 kila mahali. Ukiifunga katikati tu, mahali pamoja, siku ya kwanza itakwenda. Siku ya pili mtoto anazungusha usukani, fimbo inazunguka, ekseli imetulia tuli inatazama mbele. Hapo ndipo magari mengi ya waya yalipofia, na ndipo yalipoanza kuvutwa kwa kamba. Juu ya shingo ya kwanza viringisha bainding waya kwenye fimbo iwe kama kola, la sivyo ukilinyanyua gari ekseli ya mbele inabaki chini.

Usukani wenyewe ni duara la upana wa sentimita 15: kata 52, 47 za duara na 5 za kupandanisha. Weka waya wa kukatiza katikati na uufunge kwenye fimbo kwa namna ile ile ya mahali zaidi ya pamoja.

Jaribu kwenye sakafu. Gari likivutia upande mmoja ukiwa umenyoosha usukani, usilaumu usukani. Pima kutoka shingo ya mbele hadi kila ncha ya ekseli ya nyuma. Vipimo viwili visipolingana, vitanzi vya nyuma vimekaa mshazari. Gari likipiga kelele, liache. Kelele ndiyo injini.

Tiara

Tiara, au kishada, inahitaji vitu vichache sana na inasamehe makosa machache zaidi. Vijiti ni chelewa za ufagio wa mnazi, zile zile zilizokuwa kwenye fagio za usafi wa asubuhi shuleni. Chukua mpya, zisizokatika ukizikunja upinde.

Kijiti cha wima kiwe sentimita 60, cha ulalo 50, vikikutana sentimita 15 kutoka juu. Kwenye kijiti cha ulalo ndiko tatizo liliko. Chelewa ni nene upande wa shina na nyembamba upande wa ncha. Ukiweka moja tu, bawa moja ni zito na gumu, jingine jepesi na linalopinda, na tiara itazunguka kuelekea upande mmoja hata uiwekee mkia gani. Weka chelewa mbili zilizogeuziana, shina la moja likutane na ncha ya nyingine, uzifunge pamoja mahali patano. Iweke katikati yake juu ya kidole: ikilala sawasawa, endelea. Fanya hivyo hivyo kwa wima, isipokuwa huko hakuna haja ya mizani, mashina mawili yakae chini.

Chana kijipasuo kidogo kila ncha, pitisha uzi kuzunguka vijiti vyote kama fremu, ukaze kiasi cha kutoa mlio ukiugusa. Laza juu ya gazeti. Ukurasa mmoja hautoshi, gundisha karatasi mbili. Kata ukiacha sentimita 2 nje ya uzi, kunja juu yake, gundisha. Gundi ni kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano na vijiko 5 vya maji, koroga motoni mpaka iwe nzito na kung'aa. Ugali nao unashika, lakini unaacha madonge, na donge la gramu mbili kwenye ncha ya bawa linatosha kuipindisha tiara. Panya pia wanaupenda.

Ikishakauka, funga hatamu, yaani uzi wa mbele wa kuishikia tiara. Toboa sentimita 5 kutoka juu na sentimita 10 kutoka chini, upande wa mbele wa karatasi, na uzi ukamate kijiti, si karatasi. Urefu wa hatamu kati ya matundu hayo uwe sentimita 60. Funga kitanzi sentimita 20 kutoka tundu la juu, zibaki 40 za chini. Ukivuta kitanzi kiwima, kinasimama mkabala na makutano ya vijiti, au juu yake kwa umbali usiofika upana wa kidole. Tumia kitanzi kinachoteleza, maana utakihamisha.

Mkia ni mita 3, vipande vya tambara vilivyofungwa kwa uzi kila baada ya sentimita 20. Ubebe wa ziada mfukoni.

Upepo wa mwambao wetu unajulikana. Kusi, unaovuma kutoka kusini kati ya Aprili na Oktoba, una nguvu zaidi katikati ya msimu, na kaskazi, wa Desemba hadi Machi, ni mpole. Upepo unaotikisa majani na matawi madogo ndio unaotakiwa. Upepo unaoinua vumbi na kuyumbisha miti utaipasua tiara ya gazeti.

Ikipaa na kusimama kama ukuta, inavuta sana na haipandi, kitanzi kiko chini mno: kipandishe sentimita moja. Ikilala kifudifudi, inapepesuka na kushuka taratibu, kitanzi kiko juu mno: kishushe. Ikizunguka na kuchoma pua, ongeza mkia nusu mita. Ikipanda kivivu, mkia unaburura, punguza. Ikiegemea upande ule ule kila mara, bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye bawa la upande wa pili. Badilisha jambo moja kwa wakati, ukibadilisha matatu hutajua lililoponya.

Kurusha hakuhitaji mbio. Mshika tiara asimame hatua 20 upande upepo unakoelekea, aiinue, aiachie bila kuisukuma, nawe uvute mikono miwili mitatu. Kimbia tu kama upepo umekufa. Uzi wa nailoni unakata vidole, uzungushe kwenye kijiti na si mkononi. Kamwe usirushe karibu na nyaya za umeme, na iliyonasa huko iacheni huko.

Vya dakika tano

Kizibo kinachovuma: ponda kizibo cha soda kwa jiwe mpaka kiwe bapa, toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 1, kila moja umbali sawa kutoka katikati. Pitisha uzi wa sentimita 90, funga ncha. Zungusha kikae katikati, kisha vuta na kulegeza. Kisipovuma, matundu yako hayakukaa sawa. Sugua kingo kwenye saruji, zinakata, na usikiache karibu na uso wa mtu, uzi hukatika ghafla.

Rede: warushaji wawili wanaachana hatua 12 hadi 15, mkwepaji katikati na chupa tupu na mchanga. Anajaza chupa huku akikwepa. Akiguswa na mpira, ametoka. Chupa iwe ya plastiki, na mdomo wake uwe mpana kiasi. Wa chupa ya maji ya nusu lita ni mdogo lakini ndio unaoleta mchezo. Mchanga ukiwa mbichi haumiminiki, anika kwanza.

Mdako unataka shimo la upana wa sentimita 15 na kina cha 5, kokoto 12 hadi 20, na jiwe moja la kurusha. Rusha jiwe, kokota kokoto nje kwa mkono ule ule, lidake. Rusha tena, rudisha zote isipokuwa moja, daka. Ukiangusha jiwe, au ukibakiza zaidi ya moja nje, zamu imekwenda. Jiwe la kurusha liwe la mviringo na zito kidogo kuliko kokoto, ukubwa wa limau dogo. Kingo za shimo zipigwe kwa kiganja ziwe za mteremko. Kingo za wima huzuia kokoto, na mchezaji anaishia kuchimba badala ya kukokota.

Kombolela haihitaji chochote zaidi ya kopo. Mmoja anapiga teke kopo, mtafutaji analifuata na kulirudisha kwenye duara huku wengine wakijificha. Anayeonekana anatajwa jina, na mtafutaji lazima awahi kugusa kopo. Aliyejificha akiwahi yeye na kulipiga teke, walioshikwa wote wamekombolewa. Kopo lisiwe na kifuniko kilichokatwa chenye makali, na litiwe kokoto mbili ndani, ili hata aliyejificha nyuma ya nyumba ya tatu asikie kwamba limepigwa.